Mfumo Huria Ndani ya Runinga Janja: Mambo ya Kuzingatia kwa Watazamaji wa Mbulu na Hanang

Mwananchi wa Katesh, Haydom au Mbulu Mjini anayenunua runinga janja hununua pia kompyuta, kwa kuwa ndani yake umo mfumo endeshi. Mifumo inayotumika zaidi, ikiwemo Android TV, Tizen ya Samsung na webOS ya LG, imejengwa juu ya Linux, ambayo ni programu huria: msimbo wake unaruhusiwa kusomwa, kurekebishwa na kusambazwa na yeyote.

Watazamaji huipokea mifumo hii kwa hisia mbili. Wapo wanaoisifu kwa kuwa imeshusha bei za runinga na kuleta programu nyingi. Wapo pia wanaolalamika kuwa runinga huwa nzito baada ya muda, hujaa matangazo ya biashara na hukosa masasisho.

Pande zote mbili zina hoja. Uhuria ni sifa ya msimbo wa msingi, wala si dhamana ya kifaa kizima. Juu ya msingi huo mtengenezaji anaweza kuongeza programu zake zilizofungwa, zikiwemo za kufuatilia kinachotazamwa. Mwaka 2017, kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa Dola milioni 2.2 kwa kukusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila ridhaa ya wamiliki.

Hatari kubwa zaidi imo katika visanduku vya bei nafuu vinavyotumia Android huria bila kuthibitishwa. Julai 2025, Google ilifungua shauri dhidi ya waendeshaji wa mtandao wa kihalifu wa BadBox 2.0, ulioteka zaidi ya vifaa milioni 10 vya aina hiyo. Kifaa kilichotekwa huweza kutumia intaneti ya mwenye nyumba kwa uhalifu bila yeye kujua.

Kwa wakazi wa Hanang, suala hili halihusu burudani pekee. Maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yalionesha umuhimu wa taarifa za hali ya hewa na tahadhari kumfikia mwananchi kwa wakati. Runinga yenye king'amuzi cha ndani cha DVB-T2 hupokea matangazo ya dijitali kwa antena, mahali mawimbi yanapofika, hata kifurushi cha intaneti kikiisha. Kisanduku kinachotegemea intaneti pekee hunyamaza.

Hivyo, kabla ya kulipa, mnunuzi ajiridhishe kuwa kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kina king'amuzi cha ndani, na aombe kuoneshwa kwenye mipangilio tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Akishakiwasha nyumbani, azime ruhusa ya kufuatilia utazamaji na asipakue programu kutoka vyanzo asivyovifahamu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani. Anayeona haki hiyo imekiukwa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC).