KIDONDA CHENYE USAHA WA KIJANI

[Muziki unashuka]

MTANGAZAJI: Niko studio hapa Kigali. Mama mmoja ameuliza: "Mtoto wangu aliungua na uji. Nilifungua kidonge cha rangi mbili, nikammwagia unga wake. Mbona kidonda kinapanuka na kutoa usaha wa kijani?"

Mama, rangi hiyo mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye sudomonasi. Anapenda majimaji: beseni, sinki, kitambaa kisichokauka.

Mwili ukijeruhiwa, chembe nyeupe za damu hukimbilia pale zikiwa na kimeng'enya kinachoitwa elastasi. Kina meno makali. Hutafuna vijidudu na nyama iliyokufa. Lakini meno hayo hayachagui. Kwa hiyo ini hutengeneza protini ya kukizuia, alfa-1 antitripsini. Mimi hunifurahisha inavyofanya kazi: hujitoa kama chambo, elastasi ikiuma tu, imenaswa. Ni mtego wa panya, ila hutumika mara moja. Mwaka 1963, watafiti wa Sweden walieleza habari za watu walio na upungufu wa protini hiyo. Wengi wao mapafu yalikuwa yameharibika.

Sasa, sudomonasi naye ana kimeng'enya chake. Hicho huukata mtego wenyewe, na mtego haukinasi, maana meno yake ni ya aina nyingine. Elastasi yetu inabaki huru, inatafuna hata nyama mpya inayoota. Yaani sehemu ya uharibifu unaouona inafanywa na mwili wa mtoto wenyewe.

Na ule unga? Kama ni amoksilini au tetrasaiklini, kwa kawaida haumuui sudomonasi. Ana kinga ya asili dhidi ya dawa hizo. Unaganda juu, usaha unabaki chini.

Usimmwagie kitu kingine. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, funika kwa kitambaa safi kilichokauka vizuri, na kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya. Wakiona haja, watawatuma hospitali ya wilaya, au hata CHUK hapa Kigali. Akiwa na homa, akilegea au akikataa kula, usingoje asubuhi, nenda usiku huohuo. Chukua na pakiti ya zile dawa, muuguzi ajue ni nini kiliingia kidondani.

[Muziki]