Kwa Nini Chumvi na Sukari Pamoja?

Hapa kwetu Bariadi mvua zikianza, maji ya visima na malambo huchafuka, nasi twasikia habari za watoto kuharisha nyumba hata nyumba. Mwaka 2024 kipindupindu chenyewe kilionekana mkoani Simiyu. Na bado wako wasemao, "Mnyimeni maji, tumbo likauke." Hao humwongezea mtoto hatari, nasi twapenda kuwaonyesha sababu.

Mwili umejengwa kwa seli, mfano wa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wenye asili ya mafuta. Chumvi na sukari haziwezi kuupenya utando huo zenyewe. Sharti zipitie milango yake. Maji nayo huelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Mama aliyekata nyanya na kuzinyunyizia chumvi ameyaona haya: punde si punde sahani ina maji, nayo yametoka ndani ya nyanya.

Mtu akiharisha sana, chumvi ya mwili humwagika utumboni, na maji huifuata. Maji matupu hayatoshi kurudisha kilichopotea. Lakini katika ukuta wa utumbo mwembamba upo mlango wa ajabu, usiomfungulia mgeni ajaye peke yake. Glukosi, ndiyo sukari ya mwilini, sharti ije na sodiamu ya chumvi: chembe moja ya glukosi kwa mbili za sodiamu. Hizo zikiingia pamoja, maji hufuata nyuma. Robert Crane alilieleza jambo hili mjini Prague mwaka 1960.

Nayo sumu ya kipindupindu, ijapovuruga mengine, mlango huu hauuzibi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon nchini India, na maji ya kutia mishipani yakapunguka. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari. Vifo vikashuka kutoka kama 30 katika kila wagonjwa 100 hata chini ya 4.

Pakiti ya ORS ya zahanati ndiyo bora, ikichanganywa na maji kwa kiasi kilichoandikwa juu yake. Pasipo pakiti, twaeni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vidogo 6, na chumvi nusu ya kijiko kidogo, vyote vya kusawazishwa, si vya kurundikwa. Wako wadhanio kwamba kuzidisha sukari ni kuzidisha nguvu. Sivyo! Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, kama chumvi ilivyofanya kwa nyanya ile. Na soda ni vivyo hivyo. Chumvi ikizidi ni hatari vilevile.

Mtoto na anyweshwe kidogo kidogo, wala asiachishwe kunyonya. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha endeleeni polepole. Bali akilegea, macho yakididimia, au akishindwa kunywa, msikawie: mpelekeni zahanati, na kama aweza kumeza, mnywesheni hata njiani.