Mchezo wa Simu Unaojua Kumsubiri Aliye Duarani

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa akishuka duarani, yaani shimoni mwa mgodi, mtandao humwacha juu. Akitoka saa kadhaa baadaye, mpinzani aliyekuwa akicheza naye drafti kwenye simu keshatangazwa mshindi. Hakuliwa kete, seva imehesabu ukimya wake kuwa ni kukimbia. Kijana wa Geita, Kahama au Shinyanga mjini anayetaka kutengeneza mchezo wa simu wa watu wawili au zaidi aanzie hapo, kabla hajasoma tangazo la jukwaa lolote.

Simu mbili ni nadra kuzungumza moja kwa moja. Kampuni za simu hupitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya intaneti, hivyo anahitajika mtu wa kati: seva inayotunza ubao, inayokagua kila hatua ili mtu asiibe, na kuifikisha kwa mpinzani. Jukwaa ni seva hiyo kwa kukodi, pamoja na usajili wa wachezaji, utafutaji wa wapinzani na orodha ya vinara.

Wauzaji husifia kasi, na kwa michezo ya risasi hawakosei. Mwanga ndani ya mkongo wa intaneti husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva iliyo kilomita 10,000 kwa njia ya mkongo itachukua milisekunde 100 kwenda na kurudi, hata pasipo foleni njiani, na foleni hazikosekani. Ndiyo maana vituo vya data vya Afrika Kusini vilipokelewa vizuri: Microsoft ilifungua Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, Google ikafika Johannesburg mwaka 2024. Firebase Realtime Database, inayopendwa na wanaoanza kwa wepesi wake, hukaa Marekani, Ubelgiji au Singapore, na kwenye mpango wake wa bure haziungani zaidi ya simu 100 kwa wakati mmoja. Mchezo ukipendwa, vijiwe vya Katoro pekee vitaimaliza nafasi hiyo.

Ila drafti, bao na karata havidai milisekunde. Adui wa michezo hii ni kukatika kwa mtandao. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Seva ya Johannesburg isingemsaidia mtu wa Masumbwe siku ile. Ongeza bando lililoisha na simu iliyozima chaji. Seva ya mchezo wa zamu ihifadhi kila hatua papo hapo, impe mchezaji hata saa 24 za kujibu, na ikipokea hatua ileile mara mbili kwa sababu mtandao ulisuasua, kete isogee mara moja tu.

Halafu majukwaa hufa. Parse, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, ilifungwa Januari 2017. GameSparks ya Amazon ilifungwa Septemba 2022. Kwa hilo mimi naegemea jukwaa la Nakama: msimbo wake uko wazi, data hukaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, na unaweza kuiendesha kwenye seva yoyote uliyokodi, hata Dar es Salaam. Gharama yake ni usingizi, maana ikianguka saa nane usiku, wa kuinyanyua ni wewe. Ina pia vikundi na mashindano, jambo lenye uzito Usukumani, ambako makundi ya Bagika na Bagalu yameshindana kwa ngoma vizazi na vizazi. Orodha ya vinara wa kundi kwa kundi itavuta watu huku kuliko ya mtu mmoja mmoja.

Unapochagua mahali pa kuweka data, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika Mei 1, 2023, nayo ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Isome kabla ya kuandikisha mchezaji wa kwanza. Na jukwaa lisilokuruhusu kupakua data zote za wachezaji wako ukaondoka nazo, usilianze.