Saa ya Mzamiaji

Pengine wewe wakaa bara, mbali na bahari, na habari ya watu wanaoshuka majini na mtungi mgongoni utaiona si yako. Lakini hesabu vijana wa kijiji chako waliokwenda pwani kutafuta kazi. Wako wanaopika hotelini, wako wanaofua mashuka, na wako walioajiriwa kuwashusha wageni chini ya bahari wakatazame samaki na matumbawe. Mpwa wangu ni mmoja wao. Tangu apate kazi hiyo dada yangu halali vizuri, nami siwezi kumlaumu.

Jumamosi moja jioni kijana huyo alinijia ofisini parokiani, maana kompyuta ya karani ndiyo iliyo karibu naye. Mkononi amevaa kitu kama saa nene. "Shikamoo, mjomba," akasema. "Chombo hiki chataka programu mpya, nami sina pa kukitia." Chombo chenyewe ni kompyuta ya kuzamia. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Kumbe ilitaka siku nne, na hapo katikati niliharibu mara moja.

Kwanza tufahamu kazi ya chombo hicho. Katika hewa tuvutayo, sehemu 78 hivi katika 100 ni naitrojini, gesi ambayo mwili hauitumii. Hapa juu huingia na kutoka bila kutudhuru. Lakini maji ni mazito. Kila mita 10 ushukazo baharini, mgandamizo huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo penye mita 30 ni mara nne ya ule wa ufukweni. Hewa ya mtungi nayo huingia mapafuni kwa mgandamizo huo huo, na naitrojini huyeyuka katika damu na nyama kama gesi ilivyoyeyushwa ndani ya soda. Itikise chupa ya soda uifungue kwa pupa, utaona. Ndivyo ulivyo mwili wa mzamiaji apandaye haraka: mapovu hutokea ndani yake, viungo huuma, na mapovu hayo yakiingia katika uti wa mgongo mtu aweza kupooza au kufa.

Ugonjwa huo uliwatesa hata watu wasiokuwa wazamiaji, yaani wajenzi wa madaraja waliochimba chini ya mito ndani ya masanduku makubwa yaliyoshindiliwa hewa. Washington Roebling, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn huko New York, aliangushwa nao mwaka 1872 asiweze tena kusimamia kazi kwa miguu yake. Mkewe Emily ndiye aliyekwenda kupeleka maagizo. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza kwamba adui ni mapovu ya naitrojini. Ndipo mwaka 1908 John Scott Haldane wa Uingereza na wenzake wakatoa majedwali ya kupanda kwa vituo. Na unadhani walijaribu kwa mnyama gani? Mbuzi! Mbuzi aliyeshikwa na maumivu huinua mguu asiukanyagie, hata mchungaji mtoto aweza kumtambua. Haldane aliona kwamba sehemu za mwili hazinywi naitrojini kwa mwendo mmoja: nyingine hujaa upesi na kutoa upesi, nyingine kama mafuta hukawia.

Majedwali yapo hata leo. Yale ya shirika la PADI humpa mtu, katika mzamio wa kwanza, dakika 56 penye mita 18, lakini penye mita 30 ni dakika 20 tu. Shida yake ni kwamba jedwali hukuhesabu kana kwamba ulikaa chini kabisa muda wote. Kompyuta ya mkononi hupima kina kila baada ya sekunde chache, na kila mara hupiga hesabu upya. Kompyuta hizo zilianza kushika soko mwaka 1983. Nyingi hufuata hesabu za Albert Bühlmann, tabibu wa Zürich, aliyezigawa nyama za mwili katika mafungu 16. Humwambia mzamiaji muda uliobaki, humlilia akipanda mbio, humkumbusha asimame dakika 3 penye mita 5.

Basi hesabu hiyo yote ni programu iliyotiwa ndani ya chombo, na programu huandikwa na mwanadamu. Mwaka 2003 huko Marekani watu walitangaziwa kurudisha kompyuta za kuzamia za aina moja, zilizotengenezwa miaka ya tisini. Zilikuwa za wale wanaovuta hewa iliyoongezwa oksijeni. Mtu alipokwisha kutoka majini, chombo kiliendelea kuhesabu kana kwamba bado avuta ile hewa ya mtungini yenye naitrojini kidogo, kumbe ameketi mashuani akivuta hewa kama ya kwangu na yako. Hivyo chombo kilidhani mwili umetoa naitrojini nyingi kuliko kweli, na katika mzamio wa pili kikampa mtu muda usio wake. Kosa la namna hiyo halionekani kwa macho. Siku hizi kompyuta nyingi zaweza kutiwa programu mpya kwa waya au kwa Bluetooth, na kosa likigunduliwa hurekebishwa bila chombo kurudi kiwandani. Ndiyo sababu haifai kupuuza chombo kiombapo programu mpya.

Lakini haifai kukitia wakati wowote tu. Mimi ni karani. Karatasi ikiwa mbele yangu huisoma yote, hata maandishi madogo. Kidole kikiwa tayari juu ya kitufe nilisoma katika maelezo kwamba programu mpya ikiingia, chombo husahau naitrojini yote kilichokuwa kikiihesabu mwilini mwa mwenyewe. Nikamwuliza, "Leo umezamia?" Akajibu, "Mara mbili, mjomba, na kesho naenda tena." Nikaondoa kidole. Chombo kingemhesabu kesho yake kama mtu ambaye hajagusa maji, na mwili wake bado umejaa. Nikamwambia arudi akiwa na siku mbili za mapumziko. Alinuna kidogo, kwa sababu alikuwa ameomba ruhusa na kulipa nauli.

Alirudi Jumatano. Maelezo yalisema pia kwamba kumbukumbu za mizamio zihamishwe kwanza, zisije zikafutika, na hapo ndipo tulipokwama. Chombo hicho alikinunua kwa mgeni mmoja kikiwa kimetumika, na programu ya kiwanda ya kusomea kumbukumbu ilikuwa ya Windows ya zamani. Kompyuta ya parokia iliikataa katakata. Hiyo ni taabu ya wazamiaji wengi. Kila kiwanda kilitunga lugha yake ya kuandikia mizamio. Vyombo vingine vya zamani hutaka waya ambao tundu lake halimo tena katika kompyuta za leo, vingine vilituma habari kwa mwanga usioonekana.

Pengine utasema, kumbukumbu ni za nini? Mpwa wangu ataka kuwa kiongozi wa wazamiaji, nao PADI hudai mizamio 40 iliyoandikwa kabla ya kuanza mafunzo hayo, na 60 kabla ya kupata cheti. Kwake yeye kumbukumbu hizo ni mshahara wa kesho.

Msaada tuliupata katika programu ya bure iitwayo Subsurface. Aliianzisha mwaka 2011 Linus Torvalds, yule Mfini aliyeanzisha Linux, ambaye mwenyewe ni mzamiaji na hakuona programu ya kumfaa. Ndani yake imo maktaba ya kusomea lugha za viwanda vingi, nayo huweza kuandika kumbukumbu kwa UDDF, mtindo ulio wazi ambao programu nyingine pia husoma. Tulitazama kwanza kama aina ya chombo chetu imo katika orodha. Imo. Baada ya robo saa mizamio 43 ilipangwa mbele yetu, kila mmoja na kina chake na dakika zake. Miwili ilikuwa na tarehe za uongo, maana betri ilikwisha na saa ikajirudisha nyuma. Tulisahihisha kwa daftari lake la karatasi. Daftari hilo, lenye sahihi ya mwenzake wa kila mzamio, nimemkataza kuliacha.

Programu mpya iliingia bila taabu. Tulihakikisha kwanza chombo kina chaji ya kutosha, kwa kuwa kikizimika katikati chaweza kufa kabisa. Tukarudisha saa, tukatazama aina ya hewa. Hilo la hewa usilifanyie mchezo: chombo kikiandikwa oksijeni 32 katika 100, na mtungini mna hewa ya kawaida ya 21, kitamdanganya mtu kila dakika.

Ikabaki dira. Dira ya chombo hiki haina sindano ielekeayo kaskazini. Hupima usumaku wa dunia kwa kipande kidogo sana, nayo hutaka kusawazishwa, hasa baada ya betri au programu kubadilishwa. Hukigeuza chombo polepole pande zote, juu, chini na ubavuni, nacho hujifunza ni usumaku upi wa dunia na upi wa vyuma vyake chenyewe. Nami nilifanya hivyo mezani pangu, karibu na kabati la chuma tunamoweka vitabu vya ubatizo. Chombo kikakubali, kikaandika kwamba mambo ni tayari. Tulipotoka nje kikatuambia mlango wa kanisa unatazama kusini-magharibi. Mlango wetu watazama magharibi barabara. Mwezi wa tatu na wa tisa jua la jioni huingia hadi altareni. Chombo kilikuwa kimejifunza usumaku wa kabati!

Piga hesabu mwenyewe. Mtu akiogelea mita 200 na dira imekosea digrii 30, atatokea mbali na mashua yake kiasi cha mita 100, na mkondo wa maji haumngoji. Tena kosa la namna hiyo hubadilika kila ageukapo, kwa hiyo hata njia ya kurudi haitafanana na ya kwenda.

Tukaenda katikati ya uwanja wa mpira, mbali na magoli ya chuma, nikavua saa yangu na kutoa funguo na simu mfukoni. Watoto wa shule walisimama kututazama tukizungusha mikono kama vichaa. Mara hii mlango wa kanisa ukarudi magharibi. Juma lililopita mpwa wangu alinipigia simu: amefikisha mizamio 51, na kila Jumapili, kabla ya kupanda basi la kurudi kazini, huipima dira yake mbele ya mlango ule.