Nyekundu Haidaiwi

Swali ni lile lile, hubadilika mwandiko tu. "Mwalimu, nikiweka dau kwenye nyekundu nikaliwa, nadabo. Nikiliwa tena, nadabo tena. Nyekundu lazima itoke, na ikitoka narudisha zote na faida juu. Sasa kasino inanizuiaje?" Wengine huambatanisha hesabu zilizopangwa vizuri kwenye karatasi ya daftari, mistari sita au saba, kila mstari umezidishwa kwa mbili bila kosa hata moja. Kuzidisha wanajua. Shida ni kwamba karatasi yao huishia kwenye mstari wa saba.

Anayeuliza hivi meza anaijua, kwa hiyo sitamweleza ruleti ni nini. Nitamkumbusha jambo moja tu ambalo analitazama kila siku bila kulijali. Gurudumu la Ulaya lina vijumba 37: 18 vyekundu, 18 vyeusi, na kimoja cha kijani chenye sifuri. Ukishinda kwenye nyekundu unalipwa shilingi kwa shilingi, kana kwamba kile cha kijani hakipo. Kasino inakula hapo. Weka shilingi elfu moja kwenye nyekundu mara 37, na tuseme mpira umetua mara moja kwenye kila kijumba: umekula mara 18, umeliwa mara 19, umepungukiwa elfu moja katika elfu 37 ulizopitisha mezani. Hiyo ni asilimia 2.7. Hakuna sumaku chini ya meza, na mchezeshaji hana sababu ya kukuibia. Angekuibia angehatarisha leseni kwa kitu ambacho gurudumu linampa bila jasho.

Wala usihame nyekundu ukadhani umepata ahueni kwenye shufwa na witiri, au kwenye 1 hadi 18. Ni vijumba 18 vile vile dhidi ya 19. Namba moja pekee nayo inalipwa 35 kwa 1 ilhali haki yake ni 36, na ukipiga hesabu unarudi kwenye asilimia 2.7 ile ile. Gurudumu la Kimarekani lina sifuri mbili, vijumba 38, na malipo hayakuongezwa hata senti: makato yanakuwa asilimia 5.26. Kwenye meza hiyo hiyo kuna dau moja la kuwekea 0, 00, 1, 2 na 3 kwa pamoja, ambalo linakata asilimia 7.89. Sijawahi kuelewa nani huliweka, lakini lipo, kwa hiyo wapo.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe.

Kudabo si ugunduzi wa kijana yeyote wa Sinza wala wa Eastleigh. Wafaransa waliupa mchezo huu jina la martingale zamani sana, na Casanova, yule mwandishi wa Venice wa karne ya 18, ameusimulia kwenye kumbukumbu zake: alikuwa Venice mwaka 1754, akawa anadabo, akashinda siku za mwanzo, kisha bahati ikageuka akabaki mikono mitupu. Mpenzi wake akampa almasi zake mwenyewe aziuze ili aendelee. Akaziuza, akadabo, nazo zikaenda. Dawa iliyoshindwa kwa almasi za Venice leo inauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp kama siri mpya.

Tuufuate mstari baada ya mstari, bila kuishia wa saba. Unaanza na 1,000. Ukiliwa unaweka 2,000, kisha 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000. Hapo ndipo karatasi nyingi huishia. Endelea: 128,000, 256,000, 512,000. Ukiliwa mara kumi mfululizo umeacha mezani shilingi 1,023,000. Na tazama ulikuwa unatafuta nini. Wakati umeshika zile 512,000 mkono ukitetemeka, ukishinda utaondoka na faida ya shilingi elfu moja. Hata ungeshinda kwenye hatua ya kwanza ingekuwa elfu moja, na kwenye ya tano elfu moja. Dau linapanda kama lifti, faida imebaki mlangoni.

"Lakini mara kumi mfululizo ni nadra." Ni nadra kweli, sibishi. Kila mzungusho unaliwa kwa uwezekano wa 19 katika 37. Mara kumi mfululizo ni takriban mara moja katika 784. Kwa hiyo tuiite duru moja: unaanza na elfu, unadabo mpaka ushinde au mpaka uliwe mara kumi. Katika duru 784, kwa wastani 783 zinakupa elfu moja moja, jumla 783,000. Moja iliyobaki inachukua 1,023,000. Umepungukiwa 240,000. Gawa kwa 784, kila duru imekugharimu kama shilingi 306. Na kama unapenda uhakika: pesa inayopita mezani katika duru moja ni wastani wa shilingi 11,300 hivi, na asilimia 2.7 ya hizo ni 306. Makato yale yale ya sifuri ya kijani, hayakupungua wala hayakuongezeka. Mfumo haukugusa chochote. Umekusanya vipigo vidogo vidogo ukavifanya kipigo kimoja kikubwa.

Na hapo ndipo ushuhuda wa wanaosema mfumo unafanya kazi unapotoka, na ndiyo sababu siwaiti wanaoutoa waongo. Meza inayozungusha mara 40 kwa saa inakupa karibu duru 39 katika saa mbili. Mtu anayeingia jioni, akacheza saa mbili kwa nidhamu na kuondoka, atatoka na faida ya elfu 39 hivi katika jioni 19 kati ya 20. Jioni 19! Atawaambia wenzake kijiweni kwamba inafanya kazi, na atakuwa anasema aliyoyaona kwa macho yake. Ile ya 20, ikifika, inameza hizo zote na kudai nyongeza. Inaweza kufika ya 20, ya 50, au ya kwanza kabisa. Kuondoka mapema hakusaidii pia, maana gurudumu halijui kwamba wewe ulikwenda kulala. Kesho unaanza pale pale, 19 dhidi ya 18.

Utaambiwa adui ni kikomo cha meza. Kweli, meza ikiwa na dau la juu la 500,000, ile hatua ya kumi ya 512,000 inakataliwa. Lakini ondoa kikomo, uniweke na mfuko wa bilioni: nitaliwa mara chache zaidi na kwa kiasi kikubwa zaidi, asilimia ni ile ile. Mwenye mfuko usio na mwisho ndiye pekee ambaye mfumo huu unamfaa, na huyo sidhani kama anahangaikia elfu moja.

Imani ya pili ni ndugu wa tumbo moja na ya kwanza: nyeusi imetoka mara nane, kwa hiyo nyekundu "imeiva". Kasino zimewawekea wateja ubao wa taa unaoonyesha namba zilizotoka karibuni, rangi kwa rangi, bure. Jiulize kwa nini mfanyabiashara akupe bure habari ya kumfilisi.

Tarehe 18 Agosti 1913, kasino ya Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Watu walianza kurundika pesa kwenye nyekundu kadiri mfululizo ulivyorefuka, kila mmoja akiamini deni limefika siku ya kulipwa, na waliondoka wameacha mamilioni ya faranga. Uwezekano wa nyeusi 26 mfululizo ni kama moja katika milioni 137, nao wale watu waliuhisi vizuri. Kosa lao lilikuwa la wakati. Nyeusi 25 zikishatoka, zimeshatoka. Umeshalipa bei ya ule uwezekano mdogo. Kilichobaki ni mzungusho mmoja wenye vijumba 18 vyeusi katika 37, sawa na asubuhi gurudumu lilipofunguliwa. Mpira hauna daftari la madeni.

"Basi zinasawazikaje mwishoni?" Hili ni swali zuri, na jibu lake halipendwi. Hazisawaziki kwa kufidia. Zinasawazika kwa kuzamishwa. Nyeusi ikizidi kwa kumi leo, hakuna nyekundu kumi zinazotumwa kesho kuziba pengo. Kinachotokea ni kwamba baada ya mizungusho 10,000 zile kumi zinakuwa tone baharini, asilimia inakaribia nusu kwa nusu ukiiweka sifuri pembeni. Tofauti yenyewe kwa idadi huelekea kukua: baada ya mizungusho 10,000 ni kawaida kabisa rangi moja kuizidi nyingine kwa 100 hivi. Kama ni faraja, d'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 18, alijikwaa kwenye jambo hili hili, na kuna mfumo wa kamari unaoitwa kwa jina lake mpaka leo: ongeza kipande kimoja ukiliwa, punguza kimoja ukila. Ni mpole kuliko kudabo, unakufilisi kwa adabu.

Kuna mtu atanitajia Joseph Jagger, yule Mwingereza wa Yorkshire aliyeibuka na utajiri Monte Carlo karne ya 19. Ndiyo, alishinda, kwa sababu aliwalipa watu kuandika namba zilizotoka kwenye kila gurudumu mpaka akapata moja lililokuwa bovu, lenye kupendelea namba fulani. Hakudabo. Aliwinda kasoro ya kifaa, na kasino zikajifunza kukagua vifaa vyao. Wewe unayetazama ubao wa namba chache zilizopita hufanyi kazi ya Jagger.

Wanaoniudhi si waulizaji, ni wauzaji. Mwenye mfumo wa uhakika anauza mfumo huo elfu 20 badala ya kuutumia. Hilo pekee lingetosha. Lakini wengi siku hizi hawauzi hata kwa elfu 20, wanagawa bure pamoja na kiungo cha kujisajili. Makampuni mengi ya kamari ya mtandaoni humlipa aliyeleta mteja, na mara nyingi malipo hayo ni sehemu ya kile mteja huyo anacholiwa. Soma sentensi hiyo tena kabla hujabonyeza kiungo. Ndiyo maana dawa hii imehamia pia kwenye mchezo wa kindege wa mtandaoni, Aviator: watengenezaji wake wanataja marejesho ya asilimia 97, maana yake anayejiwekea kutoka dau linapofika mara mbili yuko karibu kabisa na nyekundu ya ruleti, akiwa nyuma kidogo, tena raundi zinakimbia kuliko gurudumu lolote.

Haya, unachoweza kufanya. Kutocheza kunakata asilimia sifuri. Ya halali na haramu nawaachia masheikh na mapadri. Ukicheza, hesabu sifuri kabla ya kukaa: moja, kaa, mbili, ondoka, tatu, kama zilivyo baadhi ya meza za Las Vegas, usigeuke nyuma. Uliza kama sifuri ikitoka wanakurudishia nusu ya dau la nyekundu au nyeusi. Kasino za Kifaransa zina kanuni hiyo na inashusha makato mpaka asilimia 1.35. Piga bei ya jioni mapema: dau mara mizungusho mara 0.027, yaani 5,000 kwa mizungusho 40 ni kama 5,400 kwa saa, ukiona ghali kuliko muziki na soda usiingie. Kama shida yako ni kugeuza laki moja kuwa laki mbili usiku huu huu, iweke yote mara moja: uwezekano ni asilimia 48.6, wakati ukiicheza elfu moja moja mpaka ifike laki mbili au iishe, unafika mara moja katika 224. Wanahisabati Dubins na Savage walilithibitisha wazo hilo kihisabati mwaka 1965, na bado sijaona grupu la WhatsApp linalolifundisha, kwa sababu mchezaji wa mzungusho mmoja hana faida kwa mtu. Kadi ya benki iache nyumbani, na simu yenye mikopo ya haraka mpe mwenzako aishike. Na kama dau linatoka kwenye ada ya mtoto au kodi ya nyumba, au umeshakopa ili urudishe ulicholiwa, usiniandikie mimi. Mwambie mtu wa nyumbani leo, kisha iombe kasino kwa maandishi ikuzuie mlangoni. Nyingi zina utaratibu huo.