Jiko Halina Moshi, Lakini Mahali Pake ni Nje

Wewe mama, wewe bibi unayelea wajukuu, na wewe yaya uliyeachiwa mtoto, sogea karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya chombo ambacho hakikosekani katika nyumba zetu za Mji wa Kale: jiko la kubebeka, ambalo wengine wetu huliita seredani.

Ukipita Ndia Kuu jioni, kutoka upande wa Ngomeni, utaliona jiko hili mlangoni na barazani. Huyu anakaanga viazi vya karai, yule anageuza mishkaki, mwengine anapasha mahamri ya futari au ya chai. Siku za mapumziko jiko hilo hilo hubebwa hadi ufuoni, au hadi Mama Ngina, familia ikakaa ikapunga upepo. Ni chombo kizuri. Kinapika, kinakusanya watu, na ni rahisi kukihamisha.

Lakini urahisi huo wa kukihamisha ndio unaotuletea hatari. Jiko lililokuwa nje saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku limeingizwa chumbani. Kwa nini? Kwa sababu mvua imeanza, au mtoto anasikia baridi, au makaa bado ni mekundu na hatutaki yapotee bure. Nasi hujiambia, "Halina moshi tena, halina neno." Hapo, msikilizaji, ndipo tunapokosea.

Kwanza tuulize, moshi ni nini? Moshi ni kuni ambazo hazikuungua sawasawa. Kuni mbichi, kifuu chenye maji, au moto uliokosa hewa, vyote hutoa moshi mwingi. Ndani ya moshi huo mna vumbi laini mno, ambalo huingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba moshi wa jikoni humwongezea mtoto mdogo hatari ya kupata nimonia karibu maradufu. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto walio chini ya miaka 5.

Kwa hiyo kupunguza moshi ni jambo la maana sana. Na inawezekana. Moto usiotoa moshi unataka vitu vitatu: kuni kavu, hewa ya kutosha, na joto kali.

Jiko letu lenye kiuno chembamba, lililovikwa udongo wa kuchoma kwa ndani, lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mfano wake ulitoka Thailand, na mafundi wetu wa bati wakalifanya la kwetu. Udongo ule hushika joto, kwa hiyo makaa kidogo hupika chakula kingi.

Siku hizi kuna pia majiko ya kuni yenye kuta mbili za chuma. Hewa huingia kwa matundu ya chini, hupanda kati ya kuta zile mbili huku ikipata moto, kisha hutokea kwa matundu ya juu. Hewa hiyo ya moto ikikutana na moshi, moshi wenyewe huwaka. Ndiyo maana ukitia vipande vya vifuu vikavu utaona ndimi za moto, na moshi kidogo tu.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Moshi kupungua si sawa na sumu kwisha. Makaa yanapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho. Ukiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haipeleki tena oksijeni ya kutosha kwenye ubongo na moyo. Mtu hupata usingizi, akalala, na asiamke.

Makaa yaliyofunikwa na jivu, ambayo tunadhani yamekwisha, bado yanatoa sumu hiyo. Bakuli la maji lililowekwa chumbani haliifyonzi. Na dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi.

(Muziki mfupi)

Karibu tena. Nani yuko katika hatari kubwa zaidi? Ni mtoto mchanga, mama mja mzito pamoja na kiumbe aliye tumboni, na mzee mwenye maradhi ya moyo au ya kifua.

Hapa tumtaje mzazi aliye ndani ya arubaini yake. Desturi yetu ya kumtunza mzazi ni nzuri: anapumzishwa, anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa vyakula vya nguvu. Katika nyumba nyingine chumba hufungwa, makaa huwekwa, nguo zikafukizwa udi. Mabibi zetu, hatusemi desturi iachwe. Tunasema makaa yatolewe nje. Fukizeni nguo uani, kisha mleteeni mzazi zikiwa tayari zinanukia. Mtoto apashwe joto kwa kifua cha mamake, kofia na nguo kavu, si kwa jiko.

Utajuaje kwamba sumu hii imewapata watu? Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kulegea na kuchanganyikiwa. Mtoto mchanga hulegea, akasinzia mno na kukataa kunyonya. Ni rahisi kudhani ni malaria. Jiulize mambo matatu. Je, walioumwa ni watu wengi wa chumba kimoja kwa wakati mmoja? Je, hawana homa? Je, wakitoka nje hupata nafuu? Ikiwa ndivyo, na jiko lilikuwa ndani, fikiria sumu ya makaa.

Fanya hivi mara moja. Watoe watu wote nje, penye hewa safi. Fungua milango na madirisha wakati wa kutoka, lakini usirudi ndani kuchukua vitu. Piga simu 999 au 112, au tafuta gari uwapeleke hospitali, hata kama wameanza kupata nafuu. Mwambie daktari waziwazi, "Jiko la makaa lilikuwa chumbani." Maneno hayo yatamfanya akumbuke kuwapa oksijeni, ambayo ndiyo dawa yake. Maziwa hayaondoi sumu hii.

Sasa, tulitumie vipi jiko letu la kubebeka?

Kwanza, mahali. Weka jiko uani penye uwazi juu, au kwenye dari lisilozibwa. Usiliweke chini ya ngazi, maana hewa ya moto hupanda hadi vyumba vya juu. Nyumba zetu zimebanana, na dirisha la jirani liko karibu na mlango wako. Angalia upepo. Wakati wa kaskazi upepo hutoka upande mmoja, na wakati wa kusi hugeuka. Mahali palipofaa mwezi wa Januari huenda mwezi wa Juni pakapeleka moshi wote kwa jirani mwenye mtoto wa pumu.

Pili, kuwasha. Tumia vipande vya kifuu kikavu au vijiti vikavu. Makumbi mabichi yatakusumbua kwa moshi. Usiwashe kwa plastiki wala chupa za soda, kwa sababu moshi wake una sumu. Na usimwage mafuta ya taa juu ya makaa yaliyokwisha kushika moto. Mwali unaweza kukurukia usoni. Ngoja moshi wa mwanzo uishe ndipo uteleke sufuria, na mtoto asiwe mgongoni unapokoleza moto.

Tatu, watoto. Chora mstari kwa chaki, hatua tatu kutoka jikoni, mtoto asiuvuke. Jiko liwe mahali palipo sawa, lisitikisike, na vishikio vya sufuria vigeuzwe mbali na mtoto. Kaza leso yako, na ukunje mikono ya buibui. Nguo ikishika moto usikimbie: lala chini ujiviringishe. Mtu akiungua, mwagilia maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20. Kama mfereji hautoki, tumia maji ya mtungi kwa kata. Usipake dawa ya meno, unga wala samli. Mtoto aliyeungua apelekwe hospitali.

Nne, matembezini. Mkienda kulala ufuoni katika hema, jiko libaki nje ya hema, hata mvua ikinyesha. Hema ni chumba kidogo kuliko vyote, na sumu hulijaza upesi. Pia msifukie makaa mchangani mkaondoka. Mchanga huyaficha lakini hauyazimi upesi, na mtoto wa watu atakuja kuyakanyaga kwa miguu mitupu. Yamwageni makaa nje ya jiko, yatieni maji mengi, yakorogeni kwa kijiti, kisha tieni maji tena. Maji yasimwagwe ndani ya jiko lenye moto, kwani udongo wake utapasuka.

Tano, usiku. Kabla ya kulala, jiulize, "Jiko liko wapi?" Makaa ya thamani hayapotei ukiyafunika katika debe la chuma lenye kifuniko, nje. Yatakosa hewa, yatazimika, na kesho utayatumia tena. Mvua ikinyesha, sogeza jiko chini ya paa la uani lililo wazi pembeni, au maliza mapishi kwa gesi ikiwa unayo, dirisha likiwa wazi. Gesi haina moshi wa kuni, na ikitumiwa sawasawa ni nafuu kwa mapafu ya mtoto.

Basi, mama msikilizaji, tukumbushane kabla hatujaagana. Moshi ukiuona, punguza kwa kuni kavu na hewa. Sumu usiyoiona, iepuke kwa kuacha jiko nje. Kitu cha kwanza cha kuangalia usiku ni jiko, si komeo la mlango. Mwambie na jirani yako ambaye leo hakusikia, hasa yule mwenye mzazi ndani.

Hadi tutakapokutana tena, tunakutakia wewe na watoto wako usiku mwema na pumzi nzuri. Kwaheri.