Seneti ya Kenya: Kura ya Kaunti na Orodha ya Chama
(Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi Seneti iliyoundwa mwaka 1963, yenye wajumbe 41, ilivyounganishwa na Baraza la Wawakilishi miaka mitatu baadaye na kutoweka kwa zaidi ya miongo minne. Katiba iliyopitishwa katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 iliirudisha Seneti ili ilinde ugatuzi, yaani mpangilio wa kuzigawia kaunti 47 mamlaka na fedha zilizokuwa mikononi mwa serikali kuu.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika tarehe 4 Machi 2013, na mpiga kura alipewa karatasi sita, ile ya seneta ikiwa ya rangi ya manjano. Kila kaunti huwa jimbo moja la uchaguzi, na anayewashinda wenzake kwa kura hutwaa kiti hata asipofikisha nusu. Lamu, iliyohesabiwa kuwa na watu 101,539 katika sensa ya 2009, ina seneta mmoja sawa na Nairobi iliyozidi milioni tatu. Ni tofauti kubwa, lakini ndiyo maana yenyewe ya baraza linalowakilisha kaunti badala ya idadi ya watu.

Mbali na hao 47 wapo maseneta 20 wasiopigiwa kura moja kwa moja: wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu, kila jozi ikiwa na mwanamke na mwanamume. Majina yao hutoka katika orodha ambazo vyama huziwasilisha kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kabla ya siku ya kura, na nafasi hugawanywa kwa uwiano. Uwiano huo, hata hivyo, hupimwa kwa viti ambavyo chama kimeshinda, si kwa kura kilizopata, hivyo chama kilichoshika nafasi ya pili katika kaunti nyingi hukosa viti vya kaunti na hukosa pia vya orodha, jambo ambalo ni vigumu kuliita uwiano pasipo kusita.

Bila orodha hizo Seneti ya 2013 ingekuwa ya wanaume watupu, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyeshinda kiti cha kaunti mwaka huo. Wanawake 18 walioingia, kati ya maseneta 67, wote walitoka kwenye orodha, na bado hawakufika theluthi. Mwaka 2017 walishinda watatu: Fatuma Dullo wa Isiolo, Margaret Kamar wa Uasin Gishu na Susan Kihika wa Nakuru.

Lakini kuingia ukumbini si sawa na kuwa na kura. Katika jambo linalohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti, yaani seneta aliyechaguliwa pamoja na wateule wa orodha walioandikishwa humo kama wapiga kura, huwa na kura moja tu, na aliyechaguliwa ndiye huipiga baada ya kushauriana na wenzake. Jambo hupita likiungwa mkono na kaunti 24. Mteule hushauriwa tu, na hapo ndipo Katiba ilipompa mwanamke kiti ikamnyima uzito wake. Hali ilikuwa tofauti Oktoba 2024, Naibu Rais Rigathi Gachagua alipoondolewa madarakani, kwa kuwa hatua hiyo hudai thuluthi mbili ya wajumbe wote, yaani 45, na kura ya mteule huhesabiwa sawa na ya aliyechaguliwa.